Paa Aliyemnadi Chui

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni, na anayesinzia afinywe na jirani yake.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama wa nyika walikuwa wakimchagua rais wao kwa kura. Wengi wao walikuwa wala majani, na rais wao alikuwa Nyati. Nyati alikuwa mkali kidogo, tena mzito wa kuelewa mambo. Lakini aliwawekea walinzi, na wanyama wakalala usingizi bila hofu.

Mwaka mmoja Chui naye akasema anautaka urais. Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Chui? Nani atampa kura? Fisi na nani?"

Chui hakucheka. Akawaza, "Nikimpata mla majani mmoja tu aniunge mkono, wengine watakuja wenyewe."

Sasa, katika nyika ile alikuwepo Paa mmoja. Paa huyo alikuwa hajawahi kumuunga mkono mtu yeyote tangu azaliwe. Kampeni zikianza, yeye huyo kichakani. Akiulizwa yuko upande gani, hujibu, "Mimi niko upande wa majani." Tena kaka yake aliliwa na Chui, na yeye mwenyewe alikuwa na kovu refu pajani, la kucha za Chui huyo huyo.

Basi Chui akamwendea nani? Akamwendea Paa.

Alisimama mbali, ng'ambo ya kijito, akaita kwa upole, "Usikimbie, mheshimiwa."

Paa alikuwa ameshakunja miguu aruke. Akasita. Masikio yakasimama. "Umesemaje?"

"Nimesema mheshimiwa. Mwenye busara kama wewe anakaaje kichakani? Niunge mkono. Nikishinda, sitakugusa hata unywele. Sema unataka nini."

Paa akafikiri. "Nataka kiti. Kiti cha mbele, karibu na chako, wote wanione."

"Umekipata. Na jingine?"

"Basi."

"Huna jingine kabisa?"

"Na kofia," akasema Paa.

Akapewa kofia ya kampeni. Ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha kichwa cha Chui, ikamteremka mpaka puani.

Alipofika nyumbani, mkewe akamtazama. "Baba watoto, hicho nini kichwani?"

"Uongozi."

"Mbona umekuziba macho?"

"Hujui siasa wewe, mke wangu."

"Siasa siijui," akasema mkewe. "Chui namjua."

Paa hakumsikiliza. Siku ya kwanza akaenda mtoni, akapanda kichuguu, akainua mguu. "Mnaliona kovu hili? Aliyenipa ni Chui! Na leo nasimama naye! Kama mimi nimesamehe, ninyi kinyongo cha nini?"

Punda milia wakatazamana. "Kama Paa amekubali, sisi ni nani?"

Siku ya pili akaenda mlimani. Kovu lile lile, maneno mapya. "Kusema kweli, Chui hakunikwaruza. Nilikuwa naanguka, akanidaka!"

Swala wakatikisa vichwa. "Kumbe!"

Siku ya tatu akaenda kwenye bonde la chumvi, wanyama wamejaa, ngoma zinalia. "Na kaka yangu hakuliwa! Alijikwaa mwenyewe akatumbukia kinywani. Chui wa watu alikuwa anapiga mwayo tu!"

Makofi! Vigelegele! Nungunungu peke yake akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, Chui akiwa rais, atakula nini? Majani?"

Paa akakohoa. "Swali hilo limetumwa na wapinzani!"

"Mtoeni! Mtoeni!" umati ukapiga kelele. Lakini hakuna aliyetaka kumshika Nungunungu, basi wakamwomba atoke mwenyewe. Akatoka.

Kura zikapigwa. Chui akashinda. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Amani imefika. Walinzi wa nini tena? Waende nyumbani."

Paa akaketi kiti cha mbele, shingo kaipinda kama jogoo.

Haukupita muda, mtoto wa Swala hakuonekana. Kisha Punda milia mja mzito hakuonekana. Kisha mdogo wake mke wa Paa naye hakuonekana.

Mkewe akaja mbele ya kiti, wala majani wote nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu. "Baba watoto, mdogo wangu hayupo. Muulize rais wako."

Paa akamgeukia Chui. "Mheshimiwa rais, wanauliza..."

Chui akalamba sharubu. "Niliahidi sitamgusa nani?"

"Mimi."

"Nimekugusa?"

"Hapana."

"Uliomba nini?"

"Kiti."

"Umekikalia. Hawa uliwaombea nini?"

Paa akatazama kwato zake. Hakuwaombea kitu. Kofia aliikumbuka, ndugu zake hakuwakumbuka.

Nyati akageuka, akashika njia ya mtoni kuihama nyika ile, na wala majani wote wakamfuata, wakubwa wamewaweka wadogo katikati.

"Ningojeni!" Paa akakurupuka.

Mkewe akasimama majini. "Watoto watakuuliza mama yao mdogo yuko wapi. Una jibu?"

Paa akaivuta kofia ikamfunika macho. Mkewe akavuka. Paa, kwa aibu, akabaki ukingoni.

Akarudi kwa Chui. Nyika nzima ilikuwa kimya.

"Mheshimiwa rais, wote wamekwenda. Mimi nimebaki. Mimi ni wako."

"Naona," akasema Chui, akiinuka polepole. "Nami nina njaa. Nile cha nani, kama si changu?"

"Na ahadi yetu?"

"Ile ilikuwa ya kampeni," akasema Chui. Akamla.

Basi, wanangu, akija mwenzenu kumnadi yule aliyekuwa akiwala, msilitazame kovu lake. Ulizeni ameahidiwa nini. Na wewe utakayeitwa mheshimiwa, kabla hujajiombea kiti, waombee wenzako usingizi.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyecheka kacheka, na iliyemchoma ajikune.