Semeni Alale kwa Nani

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani kwa sababu hata aliyenisimulia hakuulizwa, palikuwa na kijiji mgongoni mwa mlima ambako mbwa asiye na mwenyewe hakuliona jua la pili. Akionekana leo bila mtu wa kusema "huyu ni wangu," kesho vijana wanamfuata na marungu. Kama kuna mtu hapa anayetaka kuguna kwamba kumbe hadithi yenyewe ni ya mbwa tu, aondoke sasa hivi, mlango sijaufunga. Mimi nitawasimulia watakaobaki.

Mmebaki. Haya.

Sheria hiyo aliitunga mzee wa kijiji, jina lake Kajiru. Msimchukie haraka. Binti yake wa pekee aliumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa akiyaogopa maji ambayo baba yake alikuwa amemshikia kwenye kibuyu. Kajiru alipomaliza kuzika akasema: mbwa wa kuzurura, basi. Watu wakakubali. Nani angembishia mtu ambaye udongo wa kaburi la mwanawe haujamkauka mikononi?

Alimbishia mwanamke mmoja. Aliitwa Nakijwa, mjane, mfinyanzi wa vyungu, na mdomo wake haukuwa na kufuli. "Mzee Kajiru," alisema, "msiba wako ni wangu. Lakini aliyemuua mwanao ni mmoja, na alishakufa. Hawa wasio na wenyewe nipe mimi. Nitawafungia uani kwangu mpaka wajulikane kuwa ni wazima, kisha nitawatafutia kwao." Walibishana tangu umande haujakauka mpaka mbuzi waliporudi. Mwishowe Kajiru akachoka, akatoa sharti. Mbwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Akishajulikana ni mzima, atafutiwe nyumba, aende. "Na siku utakapomfanya mmoja kuwa wako," alisema, "huyo ndiye wa mwisho. Ua wako umefungwa." Nakijwa akaapa mbele ya watu wote.

Basi akawa anapokea, anafunga, analisha, anatoa. Anapokea, anafunga, analisha, anatoa. Alitoa mbwa kumi na mmoja. Kila alipomkabidhi mmoja alirudi nyumbani akakanda udongo kwa hasira, na vyungu vya siku hiyo vilitoka vinene mno, maharage yangechemka humo wiki nzima yasiive.

Wa kumi na mbili aliletwa na mtu mmoja aitwaye Senkondo, mkulima wa bondeni. Alipanda mlima akiwa amembeba mbwa jike wa rangi ya mchanga ndani ya shuka, mguu wa nyuma umekatwa na waya, na mkono wa Senkondo mwenyewe umetafunwa mpaka mfupa unaonekana. "Nimemkuta mtegoni, mama," alimwambia Nakijwa. "Nilipoanza kukata waya aliniuma. Nilipomaliza kuukata alikuwa bado ameniuma." Siku zile Senkondo hakuwa na nyumba, alikuwa analala kwa kaka yake. Akamwacha mbwa, akashuka.

Mbwa akaingia chini ya ghala la mahindi, na huko akahamia. Nimewahi kuona mbwa waoga, lakini huyo alizidi. Mwiko ukigonga chungu, anajikojolea. Mtu akiinua mkono kujikuna kichwa, anafumba macho kungoja kipigo. Makande aliyowekewa aliyala tu pale Nakijwa alipokwisha kuondoka na nyayo zake kunyamaza.

Nakijwa akafanya hivi. Alichukua udongo wake, akaketi mbali na ghala, akampa yule mbwa mgongo, akafinyanga. Kesho yake alisogea nusu hatua, akampa mgongo, akafinyanga. Kesho kutwa nusu hatua tena. Siku ya arobaini alisikia pumzi ya moto kwenye kisogo chake. Hakugeuka. Alilia hivyo hivyo, mikono imo udongoni, hakugeuka.

Sasa, jirani yake ng'ambo ya ua wa miti ya masale alikuwa mzee mmoja aitwaye Mbonea, na Mbonea alikuwa na maneno. "Watu wanafinyanga wakitazama chungu, huyu anafinyanga akiogopa kumwudhi mbwa." Alisema kisimani, alisema kilabuni, alisema hata matangani. Na kule kwao mtu akichoshwa na jirani hampigii kelele, humpa mbwa wake jina la kumfikia mhusika. Nakijwa akamwita mbwa wake Semeni. Kila jioni alisimama kwenye ua akaita kwa sauti ya kuvuka: "Semeni we, Semeni, njoo ule." Maana yake, jirani, endelea tu kusema, mimi huku nalisha.

Mbonea si mjinga. Siku moja alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe uani, akamsema Nakijwa tangu adhuhuri mpaka sauti ikamkauka. Alipoishiwa maneno akakaa kimya tu, anahema. Ndipo Semeni akatoka chini ya ghala, polepole, tumbo linagusa vumbi, akaja akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Mbonea.

"Nimefanya nini?" Mbonea aliuliza.

"Hujafanya kitu, baba," Nakijwa alijibu, na moyo ulimuuma sana. Yeye alikuwa amepewa pumzi tu kisogoni. Adui yake amepewa kidevu.

Tangu hapo Mbonea alikuja kila siku, akaketi kwenye jiwe lile, hasemi kitu. Semeni naye alikuja na kidevu chake.

Mavuno yakapita. Mbwa akajulikana ni mzima. Senkondo akapanda mlima, sasa ana nyumba yake bondeni na ua mpya wa miti. "Nimekuja kumchukua," alisema. Mbonea akajibu kutoka ng'ambo ya masale, hata hakuulizwa: "Kumchukua nani? Huyo ni wangu." Na Nakijwa, aliyewatoa kumi na mmoja bila kufungua kinywa, akasimama katikati ya lango lake akatanua miguu. "Haendi kwa yeyote," alisema.

Wakafika barazani kwa Kajiru, Semeni naye akiwa amefungwa ugwe. Na kama vile shida iliwangoja wakusanyike, asubuhi hiyo hiyo vijana walikuwa wamekamata mbwa mwingine, dume jeusi, changa, mbavu zinahesabika. Walimleta barazani kwa kamba naye akawa anaitafuna kamba.

"Mmemwona," Kajiru alisema. "Mbwa wa porini hakai kwa mtu yeyote kabla hajakaa uani kwa Nakijwa, na nafasi kwa Nakijwa ni moja. Semeni akiondoka, huyu ataingia. Semeni akibaki, huyu ni wa marungu, leo. Nisikilizeni vizuri ili mtu asije akaniambia hakujua. Haya, elezeni."

Senkondo aliinua mkono wake, vidole viwili havikunji tena. "Bila mkono huu hapangekuwa na mbwa wa kugombea," alisema. "Na sasa niwaambie ambalo hakuna aliyeniuliza. Mtego ulikuwa wangu. Niliutega kwa nguruwe pori waliokuwa wananimalizia mahindi. Waya wangu, mguu wake. Tangu siku ile sijatega tena. Nimejenga, nimezungusha ua, na nina umri wa kumzika yeye badala ya yeye kunizika mimi. Namtaka huyu niliyemlemaza. Msiniambie nichukue mwingine, mwingine sikumkosea."

"Anaposikia harufu yako anatetemeka," Nakijwa alimwambia.

"Hata wewe, mama, alikutetemekea siku arobaini. Nami nipeni arobaini zangu."

Mbonea alisimama, akakohoa kwanza, kikohozi kirefu kisichofurahisha. "Mimi sikumtoa mtegoni," alisema. "Sikumpa hata punje. Nilikwenda kuwatukana wote wawili, yeye na mama yake huyu. Naye alinijia. Ninyi mlimfuata, mimi nilifuatwa. Nionyesheni mwingine katika kijiji hiki aliyefuatwa na Semeni, nami nitarudi nyumbani sasa hivi."

"Mzee mwenzangu," Kajiru alisema, "kifua chako sote tunakisikia. Huyu anatafutiwa nyumba ya kudumu. Ukifa ataenda wapi?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa," Mbonea alisema. "Mbona ninyi nyote mtakufa na bado mnaoa?"

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu, maana Nakijwa alikuwa amesimama.

"Nimetoa kumi na mmoja," alisema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kama ninaumia. Nilijiambia mimi ni lango, na lango halikai na wageni. Sawa. Lakini huyu alikuja akiwa amekufa huku anapumua, nami nimemrudisha nusu hatua kwa nusu hatua. Mkimhamisha atarudi chini ya ghala la mtu mwingine, na safari hii huenda asitoke. Leo naomba mara moja. Na huyo mweusi msinitundike shingoni. Marungu si yangu. Sheria si yangu. Ni wewe, Kajiru, unayetaka roho ya mmoja iwe bei ya mwingine. Sema mbwa wawili, twende nyumbani."

"Nikisema wawili, kesho watano," Kajiru alijibu. "Mimi nilishika kile kibuyu, Nakijwa. Wewe hukukishika."

"Sikukishika. Lakini aliyemwosha mwanao ni mimi, kwa mikono hii. Na bado nasema wawili."

Hapo hata vijana wenye kamba walitazama chini. Kajiru akatikisa kichwa: hapana.

Najua mnachotaka kuniambia. Tangu mwanzo kimewakaa hapo midomoni: mwachieni mbwa mwenyewe achague. Mnadhani watu wa kule hawakuwa na akili? Nakijwa alikataa, akasema mbwa mwoga hachagui mtu, anachagua kiza, na msiite woga kuwa ni hiari. Wakampuuza. Wakamfungua Semeni katikati ya baraza. Senkondo alichuchumaa upande mmoja, akalaza kiganja chake kibovu ardhini. Mbonea akasogeza mguu wake mbele. Nakijwa, kwa uchungu na ukaidi wake, alikaa chini akampa mgongo kama alivyomzoesha.

Semeni alisimama, mkia umemgandia tumboni. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama yule. Kisha akakimbia kwa miguu yake mitatu na nusu, akaingia chini ya kiti cha Kajiru, maana ndipo penye kiza pekee barazani.

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Kajiru hakucheka. Tangu azike mwanawe hakuwahi kumruhusu mbwa amkaribie hata umbali wa kutupa jiwe. Alishika kiti kwa mikono miwili, uso umebadilika.

"Anatetemeka," alisema. "Namsikia kwenye mti wa kiti."

"Nyanyuka basi, mzee, tumtoe," kijana mmoja alisema.

Kajiru alijaribu kunyanyuka, akarudi kukaa. Akajaribu tena. "Siwezi," alisema. "Nikisogea atashtuka."

"Na huyu mweusi tumfanyeje?"

"Sheria ni ile ile," Kajiru alisema, "mbwa wawili sitasema. Lakini nani aende na huyu wa chini yangu, mimi leo si mwamuzi. Amueni ninyi."

Basi baraza likagawanyika. Wanaotega mitego walisema Senkondo, maana mtu aliyekiri kosa lake asipopewa nafasi ya kulirekebisha, nani atakiri tena? Wazee walisema Mbonea, na walisema kwa hasira, kana kwamba ni wao waliokuwa wameambiwa watakufa. Wanawake wengi walisema Nakijwa, lakini wakilisema jina lake walikuwa wanakwepa kutazama kwenye kamba. Waligombana mpaka jua likawafika utosini, na hapo ndipo aliponifikisha aliyenisimulia. Nilimsihi aendelee. Alikataa katakata, akasema yeye amebeba hadithi yake miaka yote hiyo, sasa zamu ya wengine kubeba.

Nami nakataa vile vile. Msinijibu kwamba wagawane siku, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mbwa wa namna ile ukimhamisha kila siku umemuua kwa awamu. Msinijibu kwamba sheria ibadilishwe. Nakijwa alilisema hilo kabla yenu, tena mbele ya mwenye sheria, na mnajua alijibiwa nini. Na yeyote atakayenijibu kwamba ni mbwa tu, nilishamwonyesha mlango.

Haya, wewe uliyekunja mikono hapo, anza wewe. Yuko aliyemtega akamtoa. Yuko aliyekuja kutukana akapendwa. Yuko aliyemponya huku ameapa kumtoa. Taja jina moja, na ulitaje ukimtazama yule mweusi anayetafuna kamba: je, nani alistahili kurudi nyumbani na Semeni?