Sabuni Iliyokaukia Njiani

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa Sham, zama zile mahujaji walipokwenda Makka kwa ngamia, aliishi mpika sabuni aitwaye Nuuman bin Wadaa. Alikuwa mcha Mungu na mpole wa tabia. Aliishi na mama yake mzee, Bi Rababu, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu, lakini ulimi, alhamdulillahi, ulikuwa mzima.

Ufundi wake Nuuman aliurithi kwa mama huyo huyo. Mafuta ya zeituni na maji ya jivu hupikwa mpaka yashikane, humwagwa yakaganda, hukatwa miche, kisha miche hupangwa darini kwa kuachiana nafasi ili ipate upepo, ikageuzwa kila asubuhi kwa miezi mingi. Hapo kwenye kungoja ndipo kazi ilipo. Sabuni mbichi hutoa povu zuri tu kama iliyoiva, ila ina maji tumboni. Ukiifulia kanzu mbili tatu, huioni tena. Iliyokauka sawasawa mtu huiogea mpaka akaichoka. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na mimi nadhani mmoja wao alikuwa mpika sabuni.

Mwaka ule Amiri Jundub, mkuu wa msafara wa mahujaji, alimpa Nuuman ahadi: alete sabuni ya kuwatosha watu kwenda na kurudi, naye atampakia yeye na mama yake. Nuuman alilia kwa furaha. Bi Rababu alikuwa akiitamani Nyumba ya Mola wake tangu usichana wake, na kila aliyemtazama aliona kwamba mwaka wa pili huenda usimkute.

Lakini baridi ilipoingia mama akaugua kifua. Nuuman akawa hatoki ubavuni pake, akimpa uji na kumsomea Qur'ani, na sufuria la sabuni likalala bila moto. Mama alipopata afya, Nuuman akapika mbio mbio. Wakati wa safari ukawadia, na sabuni bado mbichi.

Ibilisi, ambaye hana kazi nyingine, akamkumbusha hila ya mafundi wazembe. Nuuman akaipanga miche karibu na tanuri. Joto likaikausha juu, ikafanya gamba gumu la kupendeza, na maji yakafungiwa ndani. Miche miwili ya sabuni iliyoiva ukiigonganisha hulia kama vigae. Ya Nuuman nayo ikalia.

"Imelia?" akauliza Bi Rababu, aliyekuwa ameketi mlangoni akifunga mzigo wake.

"Imelia, mama."

"Na ndani?"

Nuuman akajifanya anakohoa moshi. Mama akarudi kwenye mzigo wake, na hilo lilimuuma mwanawe kuliko kama angemgombeza.

Siku ya kuondoka Amiri alichukua miche miwili, akaigonganisha, akatabasamu. Akaamuru sabuni yote itiwe katika magunia ya ngozi, yashonwe midomo.

"Safari iliyopita tulidanganywa," akawaambia watumishi wake. "Sabuni haikutufikisha hata nusu ya njia. Mzee mmoja alitufia jangwani, tukamwosha kwa maji matupu."

Nuuman akageuka. Akamtazama mama yake. Alikuwa amekwisha kupandishwa juu ya ngamia, midomo ikimcheza, anajizoeza talbiya, ule mwito wa mahujaji, ambayo wakati wake haujafika. Akisema, mama atateremshwa. Akinyamaza, kuna maiti mwingine atakayeoshwa kwa maji matupu, na dhambi hiyo itamfuata yeye Nuuman mpaka kwa Mola wake. Akaomba kimoyomoyo apewe ulimi.

"Amiri, wasishone. Kata mche mmoja katikati."

Kisu kikapasua gamba, kikazama. Ndani mlikuwa laini na majimaji kama boga lililochemshwa. Watu wakatazamana.

"Ni mbichi," akasema Nuuman. "Niliikausha juu kwa moto ili nikuhadae. Nilitaka mama yangu ahiji. Nisamehe, nasi tutashuka."

Kutoka juu ya ngamia ikasikika sauti ya Bi Rababu, haina hasira hata chembe. "Njoo unipe mkono, mwanangu, niteremke. Nyumba ya Mola wangu sitaki kuifikia kwa sabuni hii." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na huku vidole vyake vimekwisha kuanza kuufungua mzigo.

Amiri Jundub, mtu aliyeogopwa kwa ukali wake, akawa anakigeuzageuza kile kipande. "Ningeishona humu ngozini, ingefika Madina uji," akasema. "Haya, umeanza kusema kweli, basi imalize. Inataka nini ili ikauke?"

"Gamba likwanguliwe, Amiri. Kisha upepo mkavu, na mtu wa kuigeuza kila asubuhi."

"Upepo mkavu! Na huko tuendako kuna nini kingine?" Akacheka mpaka ndevu zikamtikisika. "Leteni chanja, zifungwe juu ya ngamia, sabuni isafiri wazi. Mahujaji watatumia walichobeba kutoka majumbani mpaka iive. Haya, ni nani kati yenu ajuaye kuigeuza?"

Watumishi wakamgeukia Nuuman, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kazi ile.

"Basi mwache mama yako alipo," Amiri akamwambia Nuuman, "nawe ushike kazi yako."

Nuuman akaanguka kifudifudi mchangani, akamsujudia Mola wake, akalia kama mtu aliyetuliwa jabali mgongoni.

Walipofika Madina, upepo wa jangwani ukiwa umefanya kwa majuma kazi ya miezi, akampelekea mama yake mche mmoja aogee kabla ya kuhirimia, yaani kuvaa nguo za hija. Bi Rababu akaubonyeza kwa kidole gumba, haukubonyea. Akaugonganisha na wa pili aliokuwa nao Nuuman mkononi.

"Imelia," akasema. "Na ndani?"

"Na ndani, mama."

Bi Rababu akacheka, akaomba maji.

Ndugu zangu katika imani, nani kati yetu hana mche aliouweka karibu na tanuri? Tumwombe Mola wetu atupe moyo wa kusema "kata", kabla gunia halijashonwa mdomo.