Maji ya Mwisho ya Ngwaleni

Hapo zamani, juu katika milima ya Upare, palikuwa na kijiji kidogo cha wakulima kilichoitwa Ngwaleni. Watu wa Ngwaleni hawakuwa na mto. Walikuwa na chemchemi, na chini yake walikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo babu zao walilichimba kwa jembe la mkono. Maji yalishuka kwa mfereji yakajaa ndivani. Kisha kizibo cha mti kilizibuliwa, yakaenda shambani kwa mwenye zamu.

Sheria ilikuwa moja. Baragumu likilia, ni msaragambo, kazi ya wote. Ukija, una maji. Usipokuja, zamu yako inamwendea jirani yako wa shamba aliyekuja.

Mwaka mmoja mvua zikakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hakuna wakati mbaya kuliko huo, maana mahindi yakikosa maji hapo, hutoa magunzi matupu. Chemchemi ikapungua ikawa kama uzi. Baragumu likalia: mfereji usafishwe kabla uzi huo haujakatika.

Nakundwa, mjane, alichukua jembe upesi, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yake. Akasikia yowe kwa jirani, akaingia. Namsifu, mke wa Kadeghe, alikuwa na uchungu wa uzazi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

"Mama, baragumu limelia," Kadeghe akamwambia mlangoni.

"Nimelisikia, mimi si kiziwi. Nenda wewe. Humu ndani utanikanyaga tu."

Kadeghe akaenda. Nakundwa akabaki kumzalisha Namsifu.

Kule juu, jiwe kubwa lilikuwa limeporomoka likaziba mfereji. Watu wakalisukuma, wakachoka, wakakaa. Kadeghe hakukaa. Alichimba chini yake mpaka kucha zikang'oka, jiwe likaanguka upande, maji yakapita. Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mtoto wa kike analia, na mkewe yu hai.

Maji yakaingia ndivani, kisha chemchemi ikakauka kabisa. Yaliyokuwamo yalitosha shamba moja tu.

Sasa, palikuwa na mtu mwingine, Senkoro, mcheshi, mkaidi. Alikuwa amepanda magimbi kwenye ukingo wa ndiva, jambo lililokatazwa. Njaa ilipoanza, aliyang'oa na hakuyafukia mashimo. Kesho yake baada ya maji kuingia ndivani, mchana, yalipenya kwenye shimo mojawapo, ukingo ukapasuka.

Aliyeuona ufa kwanza ni Senkoro mwenyewe. Angeweza kwenda zake, asijulikane. Hakwenda. Alijitupa ndani ya ufa, akauziba kwa mgongo wake, akapiga mayowe. Mawe yalimchuna ngozi, maji yakamfika kidevuni, na hakutoka mpaka watu walipofika na udongo na magogo ya migomba.

Asubuhi iliyofuata wote walikusanyika ndivani, na watu watatu wakayadai maji. Nambike, mwanamke aliyekabidhiwa kizibo, alikuwa amekishika tayari. Kadiri jua lilivyopanda, ardhi ilizidi kuyanywa maji.

"Yagawe kwa watatu," mtu mmoja akasema.

"Nikiyagawa yataishia mferejini," Nambike akajibu. "Ni shamba moja. Semeni, na mseme upesi."

Nakundwa akasema, "Zamu ni yangu. Sikulala, sikwenda sokoni. Baragumu liliita kazi ya kijiji. Kuokoa watu wawili wa kijiji ni kazi ya nani? Nina watoto na shamba moja. Siombi hisani. Zibua."

Kadeghe akasema, "Mama yangu, nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini baragumu lililia siku niliyomzika baba, sikuja, nikanyimwa maji. Zamu yangu ilikwenda kwa nani? Kwako. Uliichukua bila kusema neno."

Watu wakamgeukia Nakundwa.

"Niliichukua," akasema. "Ndiyo iliyokuwa sheria."

"Na mimi, jirani yako niliyekuja, naitaka sheria hiyohiyo. Tena maji haya yamepita mahali nilipoacha kucha zangu."

Namsifu akapaza sauti, mtoto kifuani. "Kadeghe! Bila mikono ya huyu mama, leo ungekuwa unatuzika!"

"Haya, mke wangu. Sema tumpe, nami nitampa."

Namsifu akamtazama mtoto, aliyekuwa akinyonya kwa nguvu. Akamtazama Nakundwa. Akarudi kusimama nyuma ya mumewe.

Senkoro akakohoa. "Mkimaliza, nitazameni na mimi. Ndiyo, magimbi yalikuwa yangu."

"Na mashimo!" mwanamke mmoja akadakia, watu wakacheka.

"Na mashimo, shangazi. Nipeni adhabu yoyote, nitaitumikia. Lakini kosa ni la magimbi, na maji ni ya mgongo huu. Ukingo ulipopasuka, hawa wenye haki zao walikuwa wapi? Bila mimi mngekuwa mnagombania tope."

"Bila magimbi yako, mgongo wako ungekuwa mzima!"

"Ungekuwa mzima, shangazi, na ningekuwa nimekaa kivulini kama nyinyi."

Hapo kicheko kikaisha. Nambike akauliza kama yuko anayerudi nyuma. Hakuna aliyerudi. Nakundwa akashuka akasimama mahali mfereji unapoingia shambani kwake, jembe mkononi. Kadeghe akasimama penye mlango wa shamba lake. Senkoro akajikokota mpaka kwake, mgongo ukivuja damu, akakita jembe chini. Mashamba yote matatu yalikuwa yameanza kujikunja majani.

Nambike akakanyaga tope kwa miguu yote miwili, akaanza kuvuta.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msinitazame mimi, maana kizibo kinatoka na maji hayatasubiri. Huyu alikosa msaragambo akiokoa roho mbili. Huyu aliitii sheria iliyomuumiza siku ya msiba wake. Huyu alikiokoa kile alichokuwa amekiharibu mwenyewe. Je, nani alistahili maji yale?