Kunguru Aliyeaga Pwani Nzima

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mbona sauti hamna? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia.

Hapo zamani za kale, Kunguru alikuwa na kiota kizuri juu ya mvinje, ufukweni. Chini yake, maji yakipwa, Bi Mwanahawa alikuwa akiokota chaza.

Kila kaskazi ilipoanza kuvuma walikuja kitwitwi, ndege wadogo wa miguu miembamba. Bi Mwanahawa akiwaona hufurahi, "Karibuni wageni wangu! Mwaka huu mmekawia." Wakiondoka, huwaulizia mpaka warudi.

Kunguru akaona wivu. "Mimi niko hapa mwaka mzima, hakuna anayeniulizia! Na mimi nasafiri."

Kitwitwi mmoja akamwambia, "Karibu, bwana. Ila kwanza ule ushibe, uzoeze mbawa. Vifua vyetu vikiwa vyekundu na kaskazi ikilala, tunaruka. Hatungoji mtu."

"Ngoja niage," akasema Kunguru.

Akaenda kwa Bi Mwanahawa. "Bibi, nasafiri. Nisamehe yote."

"Na samaki wangu uliowaiba?"

"Ndiyo hayo yote, bibi."

Bi Mwanahawa akacheka, akamsamehe, akampa na dagaa wa njiani.

Kitwitwi akaita, "Bwana Kunguru, vifua vimeanza kuwa vyekundu!"

"Bado naaga!"

Akaenda kwa kaa, akaaga shimo kwa shimo. Kaa wakajifanya wanalia.

Kitwitwi akaita, "Bwana Kunguru, vifua vimeiva!"

"Bado naaga!"

Akaenda kwa Njiwa. "Chukua kiota changu. Huko niendako nitajengewa." Njiwa akahamia siku hiyo hiyo.

Kitwitwi akaita, "Bwana Kunguru, kaskazi imelala!"

"Namalizia!"

Asubuhi ufuko ulikuwa kimya. Zilibaki nyayo ndogo mchangani. Kunguru akaruka kuwafuata, lakini mbawa zikamchoka hata mwambani hajafika. Akarudi. Na masika nayo ikaanza kumwaga.

Akapiga hodi mvinjeni.

"Nani?" akauliza Njiwa, amelalia mayai.

"Mimi Kunguru."

"Muongo! Kunguru amesafiri. Alituaga mwenyewe."

Maskini, akalowa masika nzima juu ya paa la jiko la Bi Mwanahawa, kwa aibu hata kulia hawezi. Tangu siku hiyo kunguru haagi mtu. Akiona samaki wako, ananyakua na kwenda zake.

Funzo, wajukuu zangu: jiandae na safari kwanza, kuaga kuje baadaye. Na wewe Mwinyikombo, uliyetuaga tangu mwaka juzi, unacheka nini?

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyowapendeza nendeni nayo, iliyowauma niachieni mwenyewe.