Hesabu ya Mfereji wa Mwisho

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kufundisha hisabati chuoni. Jina lake Staimili. Hesabu zake zilikuwa za milinganyo mingi inayotegemeana, ukigusa namba moja zote zinatikisika, na kwa wingi wake hufanywa na kompyuta. Sasa kompyuta haibebi namba nzima. Huikata mkia, zile tarakimu za mwisho baada ya nukta, na kuendelea. Wenzake waliuona mkia ule kuwa vumbi tu. Yeye alimaliza ujana wake akiuliza vumbi hilo linakwenda wapi, nao wakamcheka, wakasema hiyo si hisabati, ni kazi ya ufagio.

Alikuwa na desturi moja. Akipata jibu, hamsomei mtu kwanza. Hulirudisha ndani ya swali aone kama linakaa. Lisipokaa, hushika kile kilichobaki na kukifanyia kazi upya.

Ikaja skimu ya kumwagilia mpunga. Bwawa moja, mifereji mingi, na ukifungua lango la huyu maji ya yule yanapungua. Mkuu wa idara, Profesa Mbelwa, alipewa kazi ya kukokotoa mgawo, naye akampa Staimili jibu ili alihakiki. Akalirudisha kwenye swali. Mifereji yote ilikaa sawa isipokuwa wa mwisho. Vipande vilivyokatwa kila hatua vilikuwa vimejikusanya huko. Mbelwa akamwambia tofauti yenyewe ni kidogo, aiache wakabidhi kazi.

"Hicho kidogo ni mpunga wa watu, Profesa. Mimi sikiachi."

Wakakabidhi bila yeye. Malango yakafunguliwa, na mfereji wa mwisho ukaambulia tope. Mnadhani walirudi kwenye hesabu? Thubutu! Walitafuta mwizi. Watu wa mfereji wa mwisho wakawashuku wa mfereji wa juu yao, walinzi wakawekwa kwenye malango, koo zilizooleana zikaacha kuzikana. Siku ya mkutano wa skimu Staimili akapanda basi, akasimama mbele ya wakulima wote na mbele ya mkuu wake, akasema hapa hakuna mwizi, maji yenu yamepotelea kwenye hesabu yetu ya chuoni.

Chuo kikamtaka aombe radhi. Hakuomba. Uprofesa wake ukakwama hapo hapo na haukukwamuka tena, na mimi jambo hilo linanikera hadi leo ninapolisimulia. Yeye kila msimu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye mfereji wa mwisho. Walipima, wakarudisha jibu kwenye swali, wakapunguza kilichobaki, wakapima tena. Hatimaye malango yalipangwa upya kwa hesabu yake, chini ya sahihi ya Mbelwa.

Siku anastaafu, Mbelwa huyo huyo alisimama kumsifu. Alisema maisha ya mama huyu kazini yalikwenda vizuri tangu mwanzo, hayakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukumbi ukapiga makofi. Staimili akaomba kipaza sauti. Akataja tope, akataja walinzi, akataja radhi aliyodaiwa na aliyokataa kuitoa, na akasema leo pia haitoi. Hata sifa zake mwenyewe alizirudisha kwenye swali, akaona hazikai. Kisha akaketi, akala pilau yake bila haraka, na waliotaka kununa wakanuna.

Ndugu zangu, bwawa ni vitu tulivyopewa sote, na mfereji wa mwisho mnawajua wanaokaa huko. Nawe unayewapangia wenzako, jibu lako umelirudisha kwenye swali? Na kile kilichobaki, ulikiita kidogo kwa kuwa ni kidogo kweli, au kwa kuwa si shamba lako lililokauka?