Fundi Mwasiti na Taa ya Kiti cha Abiria

Nimeletewa, nami nakuletea. Usiishie njiani, na ukimaliza mpelekee yeyote mwenye gari.

Mjini Morogoro alikuwapo fundi wa umeme wa magari, jina lake Mwasiti. Alifanya kazi gereji kwa Bwana Mgaza, mtu mkali aliyependa magari yatoke haraka.

Asubuhi moja Bwana Luhende alileta gari alilotaka kuliuza. Kwenye dashibodi taa ya onyo iligoma kuzimika. Mwasiti akalipima, akamwambia:

"Kifaa cha chini ya kiti cha abiria kimekufa. Ndicho kinacholiambia gari kuwa kuna mtu amekaa. Likigonga leo, mfuko wa hewa unaomkinga abiria wa upande huo unaweza usifunguke."

"Kipya kinapatikana lini?"

"Kinaagizwa Dar. Kesho kutwa."

"Mnunuzi anakuja saa sita! Unganisha waya wa kuidanganya, taa izimike. Mafundi wote wanafanya hivyo."

"Mimi sifanyi."

Mgaza akasikia, akaja mbio. "Mwasiti, mteja amesema zima taa."

"Bosi, atakayekaa pale ataamini analindwa, kumbe halindwi."

"Mtu mwenyewe humjui, unamlilia nini? Zima taa, au kusanya spana zako utoke."

Mwasiti alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea, na kazi haziokotwi. Hata hivyo alikusanya spana moja moja. Alipofika getini akageuka.

"Gereji ni yako, Bwana Mgaza. Mikono hii ni yangu."

Hapo mama mmoja akasimama kutoka kwenye benchi la wateja. Wote walidhani anasubiri pikipiki yake izibwe pancha.

"Mnunuzi uliyeongea naye kwenye simu ni mimi," alisema. "Nimefika mapema."

Luhende akajichekesha. "Aa, dada, tulikuwa tunataniana tu..."

"Kiti hicho angekaa mume wangu. Amepooza mguu, kila wiki nampeleka kliniki." Akamtazama mpaka kicheko kikakauka. "Gari nitalichukua, ila kifaa kipya ununue wewe, na akifunge binti huyu. Si mwingine."

Mgaza akalainika ghafla. "Haya, Mwasiti mwanangu, rudisha spana ndani."

"Kazi nitaifanya," alijibu Mwasiti, "lakini si ndani ya geti lako."

Kifaa kilipofika, gari likaegeshwa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai. Mwasiti akachomoa waya wa betri, akakaa, akakunja mikono.

Mgaza akapaza sauti kutoka getini kwake: "Fundi gani anapumzika kabla ya kazi?"

"Anayesubiri umeme uliobaki uishe! Ukikurupuka, mfuko unakulipukia usoni."

Zilipopita dakika kumi ndipo alipogusa kiti. Akabadilisha kifaa, akakaza nati zote, akarudisha betri, kisha kwa mashine ya kupimia akalifundisha gari kukitambua kiti kikiwa kitupu. Taa ikawaka sekunde chache, ikazimika yenyewe.

Mume wa yule mama akasaidiwa kukaa, akafunga mkanda. Walipokuwa wanaondoka, wateja wawili wa Mgaza walikuwa wameshavuka barabara, funguo mkononi, wakimwita Mwasiti.

Funzo: Ukiamriwa kuficha hatari itakayompata mwingine, kataa, hata kama kukataa kutakutoa kazini. Kazi hupatikana tena; uhai wa mtu hauna spea.