Leso ya Kiongozi wa Dabke

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijapoa, katika kambi moja ya wakimbizi wa Kipalestina watu walicheza dabke. Dabke huchezwa kwa mstari: mikono imeshikana, miguu inakanyaga ardhi kwa kishindo. Anayetangulia hushika leso, wengine humfuata. Kiongozi wao akafariki, leso ikabaki bila mwenyewe.

Bibi Wasfiya alizaliwa katika kijiji kilichobomolewa mpaka msingi. Hatua za kijiji kile alitoka nazo kichwani, akawafundisha watoto jikoni mwake kwa miaka arobaini.

Mjukuu wake, Nihad, akazigeuza. Akaingiza hatua ya watu wanaosukumwa kwenye kizuizi cha askari: simama, rudi, simama, kisha kanyaga!

Bibi alighadhibika. "Hii si dabke! Wametunyang'anya nyumba, nawe unatunyang'anya hatua?"

"Bibi, vijana walikuwa wameiacha. Sasa uwanja hautoshi!"

Siku ya arusi ya jirani, askari wakaingia uwanjani. "Tawanyikeni! Ngoma marufuku!" Wakampokonya Jubran, mpiga zumari wa kambi, zumari lake, wakalivunja mbele ya macho yake. Jubran hakuwahi kucheza hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupuliza. Lakini hasira zilimpanda. Akakanyaga. Akakanyaga tena, peke yake, mbele ya bunduki. Nihad akamshika mkono, Bibi akamshika Nihad, arusi nzima ikapanga mstari bila muziki ila miguu. Askari wakamkokota Jubran, wakamfunga miezi minane.

Alipotoka, kambi ilikutana kuamua leso apewe nani.

"Dabke nimeihifadhi mimi," akasema Bibi Wasfiya. "Bila mimi mngekanyaga nini? Vumbi?"

"Nimeifufua mimi," akasema Nihad. "Ulichohifadhi kilikuwa kinafia jikoni mwako, Bibi. Unisamehe, lakini ni kweli."

Jubran akasimama. "Askari walipokuja, nyote wawili mlingoja mpaka nilipoanza mimi! Nimekanyaga mimi, nimelala sakafuni gerezani mimi. Na hatua niliyoikanyaga, wallahi, sijui hata ilikuwa ya nani kati yenu."

Watu wakagombana mpaka sauti zikakauka. Arusi nyingine ni Ijumaa hii, na askari wako palepale kilimani, wanatazama.

Haya, nanyi mliokaa hapa, msininyamazie: leso ile aliistahili nani?